Damu ya Kwanza ya Sungura Namba 14

Hosteli ya Taasisi, Chumba namba 9
4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo, na ikufikie wewe kabla haijapita kwa baba, maana ikipita kwake itakufika imeshazunguka mtaa mzima. Mimi mzima. Chumba nilichopewa mwaka huu kinatazama ukuta, na chini ya ukuta kuna mtambo wa kuchemshia maji unaonguruma tangu alfajiri, lakini nina meza na taa yangu, na mwenzangu wa chumba anakoroma kwa adabu. Goti la baba vipi? Na wewe mgongo? Mwambie yeyote anayekusaidia asikuachie magunia ya unga wa mbao wa kutandikia sungura uyabebe mwenyewe.

Sasa nije kwenye shida yangu. Unawakumbuka wale bakteria wa utumbo tuliokuwa tunawaotesha kutoka kwenye choo cha watoto wanaoharisha? Si wa kipindupindu, wale wengine wa kawaida ambao kila mtu anawadharau. Nao wana sumu yao. Profesa wangu anaamini sumu hiyo na ya kipindupindu ni ndugu, zimefanana kiasi kwamba kingamwili zilizofunzwa kuikamata moja zinaweza kuikamata na nyingine. Ikiwa ni kweli, huenda chanjo moja ikawasaidia watoto kwa maradhi mawili. Shahada yangu nzima ni kulithibitisha hilo au kulikataa.

Ninachohitaji ni seramu, yale maji ya damu yenye kingamwili, ya sungura aliyechomwa sindano za sumu ya kipindupindu peke yake, ambaye ile ya pili hajawahi kuionja maishani. Akiwa ameshaionja, seramu yake itazikamata zote mbili bila ya zenyewe kuwa ndugu, na jibu langu litakuwa uongo mtupu. Sungura wa hapa wanatoa seramu kama maji ya kunawia. Nikamwambia Profesa nina shangazi ambaye seramu yake unaizimua kwa maji mara elfu na bado inafanya kazi. Nitumie chupa mbili: damu ya kwanza, ile ya kabla ya sindano yoyote, na damu ya mwisho. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba sungura asiye na damu ya kwanza hana shahidi.

Mwanao,
Kidole


Banda la Wanyama, Maabara ya Hospitali
22 Aprili

Kidole,

Marahaba, na pole kwa mtambo. Goti la baba yako limepona ghafla. Tangu ulipotuma ile picha uliyovaa koti jeupe, anatembea nayo kutwa kwenye mfuko wa shati. Amemwonyesha fundi viatu, amemwonyesha muuza magazeti, na karani wa posta kaonyeshwa mara mbili. Karani kamwambia, "Mzee, huyu nilishamwona." Akasema, "Mwone vizuri." Mimi ni dada yake wa tumbo moja, nimevaa koti jeupe miaka ishirini na miwili, na kaka yangu hajamwonyesha mtu hata kifungo chake. Nakuambia tu, si kwamba nalalamika.

Umechelewa kujibiwa kwa sababu sungura hachomwi leo akatoa kesho. Ukikaa na wakubwa unasahau mambo haya. Nimemchoma sumu ya kipindupindu mara nne, kila baada ya siku kumi na nne, halafu nikamkamua damu ya sikio taratibu, hakuna hata tone lililomwagika. Seramu inakuja kwa dereva wa sampuli, ndani ya barafu, imeandikwa namba 14. Ni chupa moja tu. Ile ya damu ya kwanza mkono uliteleza ikavunjika.

Umeniandikia kuhusu meza yako na taa yako. Vizuri. Unajua fomu ya nafasi hiyo ya masomo ilifika kwenye maabara yetu ikiwa na jina langu juu ya bahasha. Ndani wameandika aliyezidi miaka arobaini asiombe, na mimi nilikuwa nimezidi kwa miwili. Kwa hiyo nikakaa nikaijaza kwa jina lako, kwa kalamu yangu. Sikukumbushi ili ushukuru. Nimelitaja tu kwa kupita.

Kula vizuri. Profesa asikupeleke mbio.

Shangazi yako


Hosteli
30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Niliposoma habari za karani wa posta nilicheka hadi mwenzangu akaamka. Mwambie baba anitumie hiyo picha nimpe nyingine, hiyo itakuwa imeshachakaa.

Seramu yako imetuacha midomo wazi. Tunafanya hivi: tunaweka seli hai kwenye sahani ndogo, tunazimiminia sumu, na zikiathirika zinarefuka, zinakuwa nyembamba kama uzi. Nilipochanganya sumu ya kipindupindu na seramu yako, seli zilibaki mviringo. Hilo tulilitarajia. Halafu nikachanganya ile sumu ya pili na seramu ileile. Shangazi, hazikurefuka. Nikaizimua seramu mara mia, mara mia tano, mara elfu. Hazikurefuka. Profesa alikodoa macho kwenye hadubini, kisha akanikumbatia mbele ya watu wote, yule mama ambaye salamu yake huwa ni kutikisa kichwa. Sasa kila ninapopita kwenye korido wananiita Mama Seramu. Jopo la kunihoji limepangwa tarehe 12 Agosti, na makala inaandikwa.

Kuna jambo moja tu. Profesa anaulizia damu ya kwanza. Nikamwambia ilivunjika. Akauliza, "Una hakika?" Nikamwambia shangazi yangu akisema imevunjika, imevunjika. Je, halikubaki tone hata kwenye kizibo? Na nithibitishie kwa maandishi kwamba namba 14 alikuwa mgeni kabisa kwa ile sumu ya pili. Ukurasa wake wa daftari unatosha.

Kidole


Banda la Wanyama
14 Juni

Kidole,

Hii sijui kama nitaituma.

Namba 14 si mgeni. Mwaka jana, wewe umeshaondoka, alikuja daktari mmoja na kazi yake ya miezi mitatu, tukamchoma sungura huyo sumu ya wale bakteria wa kawaida. Ileile yako ya pili. Kazi ikaisha, daktari akaenda zake, na utaratibu unaujua: kazi ikiisha sungura anauawa. Sikumuua. Alikuwa na tabia ya kuleta sikio mwenyewe kabla sijamfunga kitambaa, na mimi katika miaka yote hii sijawahi kuona mnyama wa namna hiyo. Nikamhamishia kizimba cha mwisho, nikamwandikia kadi mpya yenye namba 14, nikawa namwita Mpangaji. Hakuna aliyeuliza.

Barua yako ya Februari ilipofika nilikuwa na sungura wanne safi. Kikohozi kikapita bandani, kikachukua watatu, na wa nne alikuwa na mimba. Ningekuandikia, "Mwanangu, sina sungura." Maneno matatu tu. Lakini ulikuwa umeshamsifia Profesa seramu yangu, na mimi nikaona aibu mtoto niliyemfundisha kushika sindano aambiwe banda la shangazi yake ni tupu. Nikamchukua Mpangaji. Nikajidanganya kwamba mwaka mzima umepita na mwili wake umeshasahau. Damu ya kwanza niliichukua kwa mazoea, kisha nikaogopa utaipima. Haikuvunjika. Ipo kwenye jokofu, rafu ya chini.

Basi ungesema nilikosea, nikaona haya, yamekwisha. Hayajaisha. Barua yako ya tarehe 30 ilipofika, nilijua papo hapo kwa nini seli zako hazikurefuka, na kalamu ilikuwa mkononi. Halafu nikasoma kwamba Profesa amekukumbatia. Roho iliniuma hadi nikakaa juu ya ndoo. Mimi nimechoma sungura mia tatu na zaidi, nimepigwa mateke, nimeng'atwa, seramu yangu imeondoka hapa kwa madumu, na hakuna aliyewahi kuniuliza hata nimeamkaje. Wewe umekaa huko mwaka mmoja na nusu, wanakuita Mama Seramu kwa seramu yangu. Nikasema moyoni, mwache aende. Akajikwae mbele ya jopo lake, arudi hapa tushike ufagio wote wawili.

Nimeliandika na bado nalitaka. Naona wivu, Kidole, wivu wa kunyima usingizi, na wewe ndiye niliyekubeba mgongoni.


Banda la Wanyama
15 Juni

Kidole,

Marahaba. Hongera sana kwa seli.

Huku bati la jikoni limepasuka na baba yako amelipanda mwenyewe kulitengeneza, goti na yote, mpaka majirani wakaja kumshusha. Binti wa jirani ameolewa, yule mliyekuwa mnasoma naye. Mvua zimechelewa. Mkuu wa maabara ameleta agizo kwamba madaftari yote yanakaguliwa, kwa hiyo ukurasa sijaweza kuutoa.

Jiandae vizuri na hilo jopo.

Shangazi yako


Hosteli
20 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilichukua wiki tatu na ushei, na nimeisoma mara nne. Umenijibu kuhusu bati. Umenijibu kuhusu binti wa jirani, ambaye sikumuuliza. Kuhusu sungura umepita kando kama mtu aliyemwona anayemdai njiani.

Nikafikiri labda nimekuudhi. Nikarudia barua zangu zote nikitafuta wapi. Mwenzangu anasema nimejisifu mno. Kama ni hivyo, nisamehe, mimi nilidhani nakusifu wewe. Hakuna mtu hapa asiyejua kwamba kushika sikio la sungura nilifundishwa na shangazi, na kwamba siku ya kwanza niling'atwa kidole nikakataa kumwachia, ndiyo maana mkaniita hivi. Nimewasimulia hadi wamechoka.

Sitakuuliza tena. Siku ya tarehe 12 nitasimama mbele ya jopo niseme sungura namba 14 alikuwa mgeni. Wakiuliza nimejuaje, nitasema kwa neno la shangazi yangu. Karatasi nyingine sina, Shangazi, kwa hiyo nitalitumia neno lako.

Mwambie baba avae viatu vya raba akipanda juu ya bati.

Kidole


Banda la Wanyama
6 Agosti

Kidole,

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya tarehe 14 Juni. Isome hiyo kwanza, halafu urudi hapa.

Umeshaisoma. Basi sasa unajua nimekulea na nikataka uanguke, yote mawili. Barua yako ya Julai imenifikia leo asubuhi. Ningeweza kukaa kimya wewe ukosee, lakini hilo la kwenda kuniapia mimi mbele ya watu limenishinda.

Usiseme sungura alikuwa mgeni. Sema shangazi yako alikudanganya. Damu ya kwanza iko kwenye barafu pamoja na barua hii, ipime, utaona mwenyewe. Dereva ananiambia anaondoka leo na atafika keshokutwa. Nimemsimamia mpaka amepakia.

Shangazi


Hosteli
28 Agosti

Gari la sampuli liliharibika njiani, dereva akawa anabadilisha barafu tu. Bahasha yako ilifika tarehe 15.

Tarehe 12 nilisimama. Walikuwa watano. Mmoja, mzee mwenye kifaa cha kusikilizia sikioni, aliniuliza jambo moja tu kwa saa mbili nzima: damu ya kwanza iko wapi. Nikasema ilivunjika. Akauliza nimejuaje sungura alikuwa safi. Nikasema aliyemtunza ni shangazi yangu, na hajawahi kunidanganya tangu nizaliwe. Mzee akatabasamu, akafunga faili, akasema kwake inatosha. Wakanipitisha. Profesa alilia. Nilipiga simu dukani kwa jirani wakamwita baba, nikamsikia akipiga kelele barabarani.

Siku tatu baadaye nikaipata chupa yako. Niliiweka mezani chumbani, nikakaa kuitazama mpaka barafu ikayeyuka. Hakuna aliyejua ipo. Ningeimwaga kwenye sinki, mambo yakaisha, na ungebaki kujua wewe na mimi tu. Usifikiri sikuliwaza hilo.

Niliipima. Damu ya kabla ya sindano yoyote ya kipindupindu, na seli za sumu ya pili hazikurefuka hata moja. Nikaibeba chupa pamoja na barua zako zote mbili nikampelekea Profesa. Amezisoma zote, kisha akaniambia nikawaite wale watano. Wamenivua shahada. Nimepewa miezi sita nirudie kila kitu tangu mwanzo, na makala imerudishwa kutoka kwa wachapaji.

Hiyo makala nilitaka uione ikiwa tayari. Jina langu lilikuwa la kwanza na lako la pili, jina lako kamili, juu ya la Profesa. Yeye mwenyewe alikubali ashuke. Nilikuwa nimeshawaza jinsi baba atakavyoizungusha mtaani, na kwa mara moja angekuwa na wawili wa kuwaonyesha.

Nimetafuta sungura wangu sita. Damu ya kwanza nimewatoa mwenyewe. Usinitumie chochote.


Banda la Wanyama
15 Septemba

Kidole,

Hukunisalimu, na sikustahili.

Nimeisoma barua yako mpaka hapo penye jina langu, nikaikunja, nikaenda kuosha chupa za maji za sungura wote ingawa zilikuwa safi. Sina cha kujitetea nacho. Chupa uliipeleka wewe. Mimi niliificha miezi mitatu na nusu, na wewe hukumaliza hata wiki.

Baba yako hajui kitu. Anadhani umepita na kilichobaki ni cheti tu, na mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Naona nimezoea.

Sitatuma chochote.

Shangazi


Hosteli
9 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Imenichukua muda kuliandika neno hilo, lakini nikiliacha nitakuwa nimepoteza na adabu pia.

Sungura sita, wote wageni, wote na damu ya kwanza, na seli zimerefuka kama inavyotakiwa kwenye kila damu ya kwanza. Baada ya sindano za kipindupindu peke yake, seramu yao inaikamata na sumu ya pili. Inaikamata kwa udhaifu. Kwa sumu ya kipindupindu naizimua mara elfu, kwa ile nyingine nikifika mara mia na ishirini imeshaachia. Lakini inaikamata, katika sungura wote sita. Ni ndugu kweli. Kumbe hata hapakuwa na haja ya kudanganya kwa Mpangaji, ungenipa sungura safi mmoja ningelipata jibu hilohilo mwaka jana.

Jopo limekaa juzi. Mzee wa kifaa cha sikioni hakuuliza swali lolote. Aliziomba chupa zote sita za kwanza, akazipanga mezani mbele yake, akazihesabu. Nimepita.

Makala inaandikwa upya. Kazi hii hukuigusa, lakini mikono niliyoifanyia ni yako, na nimeshindwa kuamua peke yangu. Profesa kasema shauri langu. Kwa hiyo nakuuliza wewe mwenyewe: jina lako liwemo au lisiwemo?

Kidole


Banda la Wanyama
1 Machi

Kidole,

Marahaba, mwanangu. Hongera, na safari hii sijauma meno nikiiandika.

Lisiwemo.

Usidhani najifanya mnyenyekevu. Nalitaka jina hilo kwenye karatasi hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, nimelitaka tangu wewe hujui kuvaa viatu. Lakini nikuambie lililotokea bahasha yako ilipofika. Kabla sijaifungua niliishika hivi mkononi, na nikatamani sungura wako wawe wamekataa kukupa jibu. Baada ya yote hayo. Lilipita upesi, nikaona haya, lakini lilikuja. Mtu anayetamani hivyo usimweke karibu na jina lako kwenye kazi. Nyumbani niweke popote unapotaka.

Baba yako nimemwambia yote juzi jioni, tukiwa jikoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama Kidole anajua kwamba nimemwambia. Nikasema bado. Akasema, "Basi mwandikie." Nikamwomba ile picha. Akanipa bila kuuliza ya nini.

Leo asubuhi nimempelekea mkuu wa maabara. Nikamwonyesha, nikamwambia huyu amepita, nimemfundisha mimi. Akafurahi kwelikweli, akaninyanyukia, akanipa mkono, kitu ambacho hajawahi kukifanya. Akasema, "Na seramu si ilitoka kwetu?" Ningeweza kusema ndiyo, Kidole. Mkono wangu bado ulikuwa ndani ya mkono wake. Nikamwambia ilitoka kwetu na ilikuwa chafu, nikamweleza kadi niliyoiandika upya na chupa niliyosema imevunjika. Akaurudisha mkono wake taratibu.

Nimeachishwa kazi; Jumatatu nakabidhi funguo za banda. Atakayekuja ni msichana wa miaka ishirini, hajawahi kushika sungura, na wameniomba nimfundishe siku tatu kabla sijaondoka. Nimekubali.

Shangazi yako